Jino ni la Kijana, Faili Je?

Leo tuzungumzie meno. Usiondoke, tarakilishi zimo pia.

Kuna watoto ambao magego yao ya kwanza ya kudumu, yanayoota wakiwa na miaka 6 hivi, hutoka tayari yakiwa na kasoro. Enameli, lile ganda gumu la nje, huwa na mabaka meupe, ya manjano au ya kahawia, na penye baka huwa dhaifu kama chaki. Jino linamegeka kwa kutafuna tu. Maji baridi yanauma, mswaki unauma, basi mtoto anaukwepa na jino linaoza upesi. Hata sindano ya ganzi wakati mwingine haishiki vizuri. Tangu 2001 madaktari wa meno wanaiita hali hii MIH, na makadirio ya dunia ni takriban mtoto 1 kati ya 7 au 8.

Si peremende zilizoileta. Kasoro huingia enameli inapojengwa, kati ya kuzaliwa na umri wa miaka 3 hivi. Wala si yale madoa ya floridi tunayoyajua Bonde la Ufa. Floridi hugusa meno mengi, kushoto na kulia kwa ulinganifu. MIH huchagua magego ya kwanza, na mara nyingi meno ya mbele.

Kwa nini nataja vijana hasa? Mtoto wa miaka 8 hadi 10 aking'olewa gego bovu, gego la pili linaweza kusogea mbele likiota na kuziba nafasi. Akifika miaka 13, hilo la pili kwa kawaida limeshatoka. Ukimng'oa sasa, unamwachia pengo. Kuziba kwa kawaida nako kuna shida, kwa sababu gundi haishiki vizuri kwenye enameli dhaifu. Kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari ni nafuu na inafanya kazi, siidharau hata kidogo, lakini ni kijana gani wa sekondari anayetaka jino linalong'aa kama sufuria?

Hapo ndipo tarakilishi inapoingia. Wazo si jipya. Huko Zurich, Uswisi, daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hii mwaka 1985. Skana ndogo inapita kinywani na kuunda umbo la jino la pande tatu. Programu inachora kipande cha kufunika sehemu iliyomegeka. Mashine inakichonga kutoka bonge la kauri, au la kauri iliyochanganywa na resini. Daktari anakigandisha. Jino linasazwa kwa kiasi kikubwa kuliko likivishwa kofia nzima ya kauri, na hilo ni muhimu kwa kijana kwa sababu kiini cha jino lake, penye neva, bado ni kikubwa. Ukisaga sana unakifikia.

Sisi watu wa programu tukitazama kazi hiyo tunaona hatua tatu: kupima, kuchora, kuchonga. Si lazima zifanyike chini ya paa moja. Kliniki ndogo mjini Kitui yenye skana pekee inaweza kutuma faili kwa maabara Nairobi, na kipande kikarudi kwa basi. Kwa hiyo tukisikia hospitali fulani imenunua mashine ya kuchonga, tusishangilie mashine. Tuulize faili inakwenda wapi.

Msimamo wangu ni huu: faili ni ya mgonjwa, na atoke nayo.

Kipande anachowekewa mtoto wa miaka 14 huenda kikabadilishwa siku moja. Ufizi wake bado unashuka, jino bado linajitokeza, na ukingo uliokuwa umefichika utaonekana. Daktari atakayemtibu akiwa na miaka 25 akipata skana ya zamani, atalinganisha na kuona enameli imeliwa wapi na kwa kiasi gani. Asipoipata, anaanza kwa kukisia.

Tatizo ni kwamba baadhi ya mifumo huhifadhi kazi katika muundo unaosomwa na programu yake pekee. Leseni ikiisha, au kliniki ikifungwa, historia ya jino imekwenda. Mzazi, omba faili katika muundo wa wazi. STL inasomwa karibu kila mahali, lakini imejaa pembetatu tu: haina rangi, wala haisemi vipimo ni milimita au inchi. PLY inaweza kubeba rangi, na hapa rangi ina maana, maana baka la MIH hujulikana kwa rangi yake. Omba skana yenyewe na mchoro wa kipande pia. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inatambua haki ya mtu kupokea data zake katika muundo unaosomeka na mashine, na inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Sioni kwa nini umbo la jino liachwe nje.

Najua kuna watakaosema ninatukuza faili. La. Skana huona uso tu. Haijui enameli iliyo chini ni nzima au chaki, na mate au damu huipotosha. Kuamua ukingo uishie wapi, na kugandisha penye ukavu, ni kazi ya mkono na jicho la daktari. Pia kauri ni ghali, na familia nyingi zitaendelea na kofia ya chuma. Sawa kabisa. Lakini aliyekwisha kulipia kauri asiuziwe jino halafu kumbukumbu yake ikabaki kufungiwa kwa muuza programu.

Je, wewe ulipokwenda kwa daktari wa meno mara ya mwisho, ulitoka na nini zaidi ya risiti?