Mwenye SS naye ashike kipimo

Sisi wote tuliouza majiwe ku depo tunajua: pale kipimo kiko mu mikono ya mununuzi peke yake, bei inatoka vile anataka yeye. Na sisi ndivyo tunapima watoto wetu wa SS.

Ku hospitali wanaandika nini? Hemoglobini ngapi, damu mifuko ngapi, siku ngapi ku kitanda. Ni ya lazima, hatukatai. Lakini krizi nyingi zinaishia ku nyumba. Mama anakanda mifupa usiku muzima, asubui mutoto haendi masomo. Ule usiku hauko mu fishi yoyote. Kwa fishi, mutoto iko muzuri.

Na sisi baba tunasaidia uongo huo. Tunarudi ku kazi tumechoka, tunasema "anajifanya". Kuna watoto wanaoficha maumivu juu wanaona mama anahesabu franka.

Namna ya kuuliza iko. Waganga wako na maulizo yanaitwa PedsQL, na sehemu yake ya SS. Mutoto tangu miaka 5 anajibu mwenyewe, muzazi anajibu pembeni: mu mwezi huu maumivu yalikusumbua mara ngapi? Uliogopa? Ilikuwa nguvu kumwambia munganga vile unasikia? Mara nyingi majibu ya wale wawili hayalingani. Ndiyo sababu wanauliza wote.

Hii si maneno ya vitabu tu. Mu 2019 utafiti REACH, uliofanywa na watoto wa Kinshasa na wa inchi zingine tatu za Afrika, ulionyesha kama hydroxyurée inapunguza krizi, malaria, kutiwa damu na vifo. Lakini ile dawa inakunywewa kila siku, na kila mwezi ni feza. Mwenye kulipa anaona bei. Nani atamuonyesha usiku ambao mutoto alilala, na siku alizoenda masomo?

Basi tunaomba dispanseri za kampuni zitie maulizo haya mu kila konsultasio, na delege wa sindika waibebe ku meza ya mazungumuzo. Sisi wazazi tuanze leo: kaye moja, tuandike usiku bila usingizi na siku bila masomo. Tumupe mutoto kalamu naye aandike.

Kipimo cha mutu moja si kipimo.