Tusomeshe Wachumi wa Viwanda

Mwezi Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani na yenye hisa nyingi katika Saruji Twiga, ilitangaza azma ya kununua asilimia 68.33 ya hisa za Saruji Tanga. Tume ya Ushindani iliridhia Aprili 2022. Septemba mwaka huo huo Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo. Mwaka 2024 hisa hizo zikaenda kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania, na wengi wakaona shauri limekwisha. Sisi hatuoni hivyo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muungano wa makampuni unaozaa au kuimarisha nguvu ya kulitawala soko, na wakati wa shauri hilo kipimo kimojawapo kilikuwa kushika zaidi ya asilimia 35 ya soko hilo. Lakini soko lipi? Saruji ni mzigo mzito; mfuko ukitoka Pongwe hadi Kigoma, gharama za lori hula faida. Basi ukihesabu nchi nzima, kiwanda chaweza kuonekana mnyonge. Ukihesabu mikoa ya pwani na kaskazini peke yake, kikaonekana jabari. Mwenye kuchora mpaka wa soko ndiye mwenye kuamua kesi, na mwananchi anayejenga vyumba viwili ndiye atakayelipa bei itokanayo na mpaka huo.

Kazi hiyo haifanywi kwa kukisia. Ina elimu yake, nayo huitwa uchumi wa viwanda. Husomwa kwa dhati katika uzamili na uzamivu, kwa kuwa yataka hesabu: kupima mnunuzi atakimbilia wapi bei ikipanda kwa asilimia 5, na kutambua kama viwanda vilivyopandisha bei siku moja vimekula njama au vimepandishiwa tu bei ya makaa ya mawe. Jean Tirole wa Ufaransa, aliyeandika kitabu mashuhuri cha fani hii mwaka 1988, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014.

Wala hatuanzii patupu. AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, iliwakusanya wanafunzi wa uzamili wa vyuo vingi vya Afrika kusoma masomo ya kuchagua, uchumi wa viwanda ukiwamo. Kinachomkwamisha msomi ni takwimu. Bei za kiwandani na mauzo ya kila mkoa yakifungiwa kama siri ya biashara, atakopa takwimu za ugenini kuandikia tasnifu yake. Tunaitaka Tume iwafungulie vyuo vikuu mafaili ya miungano iliyokwisha kuamuliwa, majina ya wateja yakifutwa, na Serikali itenge ufadhili kwa fani hii kabla muungano mwingine haujabisha hodi.