Mgongo na Meza ya Kompyuta

Shule inapopata kompyuta, fedha na fikira zote huelekezwa kwenye mashine. Kiti cha mwanafunzi husahauliwa. Kasoro hiyo si ndogo.

Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu ambavyo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu. Chakula chavyo hupenya polepole kutoka sehemu za jirani, na kujongea kwa mwili husaidia kazi hiyo. Aketiye amejikunja kwa saa nyingi huichosha pia misuli ya shingo na kiuno, na maumivu huweza kufuata.

Wako wanaodhani kwamba kinga ni kiti cha bei kubwa. La hasha. Kiti chochote kinachoegemeza kiuno na kuziwezesha nyayo kukanyaga sakafu chafaa. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, na vitabu vikuukuu vichache vyatosha kukiinua. Lililo kubwa zaidi ni kuinuka kila baada ya nusu saa, kujinyoosha na kutembea.

Hata mgongo ukishauma, kulala siku nyingi huchelewesha nafuu. Shughuli nyepesi ni bora. Lakini ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kumwona daktari mara moja.

Mwalimu anayewakataza wanafunzi kusimama katika chumba cha kompyuta hupata utulivu wa darasa, lakini wanaoulipia ni wanafunzi, kwa migongo yao. Kuinuka yapaswa kuwa sehemu ya somo.