Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino

Msomaji, umewahi kumwona mtu akishika shavu ghafla anapopiga mswaki, kunawa uso au kutafuna, kana kwamba amepigwa na umeme? Wengi hukimbilia kwa daktari wa meno. Jino hung'olewa, la pili likafuata, na maumivu yakabaki palepale.

Huenda tatizo ni neva ya tano ya kichwa, inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Mara nyingi hubanwa na mshipa wa damu, lakini kwa wachache hubanwa na uvimbe usio wa saratani. Uvimbe ukifikia neva ya saba iliyo karibu, jicho na shavu la upande mmoja huweza kuchezacheza. Jicho likicheza siku mbili si neno. Likicheza pamoja na shavu kwa wiki kadhaa, usikae ukingoja mgeni.

Dawa ya kabamazepini, ambayo pia hutibu kifafa, hutuliza maumivu lakini haiondoi uvimbe. Kwa hivyo ukihisi ganzi usoni, au sikio moja likianza kupoteza usikivu, mwulize daktari kuhusu picha ya MRI. Uvimbe ukigunduliwa unaweza kuondolewa kwa upasuaji, kutibiwa kwa miale au kufuatiliwa tu. Uliza kabla ya kung'oa; jino zima likishatoka halirudi.