Ua la Akina Commelin

Mwezi wa tano ukiingia, kuanzia Kiminini hadi Kimilili watu wako kwenye palizi, na hakuna gugu linalomkera mkulima wa mahindi kama kongwe, ambalo majirani zetu Wakikuyu huliita mukengeria. Ukilikatakata kwa jembe umelizidisha, maana kila kifundo cha shina kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Ling'oe taratibu, ukung'ute udongo, utaona hila yake nyingine: vijiua visivyochanua, vilivyojificha ardhini, vinatengeneza mbegu mahali ambapo jicho la mpaliliaji halifiki. Sungura ndio pekee wanaolishangilia.

Wataalamu huliita Commelina benghalensis, na neno la kwanza hapo ni jina la ukoo wa Kiholanzi. Jan Commelin, aliyezaliwa 1629, alikuwa mfanyabiashara wa dawa za mitishamba mjini Amsterdam, na mwaka 1682 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bustani ya mimea ya dawa ambayo ipo hadi leo. Alipofariki mwaka 1692, elimu ya mimea ikaendelezwa na Caspar, mtoto wa ndugu yake. Mfaransa Charles Plumier ndiye aliyeupa mmea jina lao. Kisha mwaka 1737 akaja Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, na mzaha wake. Ua hili, alisema, lina petali tatu: mbili za kuvutia ni wale Commelin wawili waliosifika, na ile ya tatu, hafifu, ni Commelin mwingine aliyekufa kabla hajafanya lolote la maana katika botania. Kumsengenya marehemu namna hiyo, tena kwa Kilatini!

Wapo waandishi wa jarida hili wanaotaka majina ya namna hii yafutwe. Siungi mkono. Jina Commelina linamwezesha mtafiti wa Kitale kuelewana na mwenzake wa Brazil bila kuulizana maswali, na Kiingereza kimeshalizoea hata kinaliandika kwa herufi ndogo, kama jina la ua lolote, pasipo kumfikiria Mholanzi yeyote. Hata hilo benghalensis, linaloupeleka Bengali mmea ambao Afrika pia ni kwao, naweza kulivumilia.

Nisiloweza kulivumilia ni jina la tatu, lile la Kiingereza cha kila siku, linalouita mmea huu Myahudi mzururaji. Limetoka katika hadithi ya kale ya Ulaya ya kuwachukia Wayahudi, likaingia katika vitabu vya kilimo, na sasa mwanafunzi wa Bungoma analikariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Jioni anarudi nyumbani, mama yake anamtuma akakate majani hayo hayo ya sungura, kwa jina ambalo halimo katika kitabu chochote alichopewa shuleni.

Hasara ya kukosa majina ya wenyeji inaonekana dukani. Mkulima anashika chupa ya dawa ya magugu, na lebo inamtajia magugu kwa Kilatini na Kiingereza. Kongwe ni gugu sugu, si kila dawa huliua, kwa hiyo kujua kama limetajwa au la ni suala la pesa. Asiyeweza kusoma lebo anamtegemea muuzaji, na muuzaji naye ana bidhaa anayotaka itoke. Mji huu wa Kitale una kampuni ya mbegu ya Kenya Seed tangu 1956 na watafiti wa mahindi waliobobea. Kuongeza maneno matatu ya wenyeji kwenye karatasi ya chupa hakuhitaji maabara.

Katika toleo hili, basi, kila gugu limeandikwa kwanza kwa jina alilolitaja mwenye shamba, liwe la Kibukusu, Kisabaot au Kiswahili, halafu Kilatini. Akina Commelin wamebaki, wote watatu. Jina la Myahudi tumeliacha katika makala moja tu, ile ya maswali ya mtihani, kwa sababu msahihishaji bado analitaka.