Mbio na Mahali Pake

Wazee wetu husema: « Haraka haraka haina baraka. » Vijana wakiisikia mithali hiyo hucheka, wakajibu kwamba ilitungwa kabla ya kuja kwa pikipiki. Basi juma hili tusiwaulize wazee. Twende kwa mtu apendaye mbio kuliko vijana wetu wote, tumtazame jinsi anavyozifanya.

Mtu wa namna hiyo yuko Uingereza, katika kiwanja cha mashindano kiitwacho Brands Hatch, katika jimbo la Kent, si mbali na London. Pikipiki zilianza kushindana mahali hapo juu ya majani matupu. Mwaka 1950 njia ikatiwa lami. Njia fupi ya kiwanja hicho haifiki kilometa 2. Kona yake ya kwanza, Paddock Hill, hupinda kuume huku ikiteremka ghafula, nayo imewaangusha wengi.

Mtu wetu si bingwa, wala halipwi na kampuni. Siku za juma ni fundi, karani au mwalimu. Ada ya mashindano, mafuta na mipira ya magurudumu, vyote vyatoka katika mshahara wake. Wenzake ni wengi, na desturi yao si ya jana: chama kimoja cha washindani wa pikipiki nchini humo, British Motor Cycle Racing Club, kilianzishwa mwaka 1909.

Ijumaa jioni, akiisha kutoka kazini, hupakia pikipiki na vyombo vyake katika gari, akaenda kulala uwanjani. Jumamosi asubuhi hafikirii kukimbia kwanza. Humpelekea mkaguzi pikipiki yake, pamoja na kofia ngumu na mavazi yake ya ngozi. Mkaguzi hutazama breki, mnyororo, mipira na usukani. Akiona neno moja halifai, mtu hashindani, hata kama amesafiri usiku kucha.

Hapa, ndugu zangu, tuangalie vema. Parafujo inayoziba mafuta ya injini ni lazima ifungwe kwa waya, isije ikalegea yenyewe. Tena katika maji ya kupoza injini ni marufuku kutia dawa ya kuzuia barafu, ijapokuwa nchi ile ni ya baridi. Sababu ni nini? Mafuta yakimwagika, au dawa ile, lami huwa utelezi. Naye aliyeyamwaga huenda asipatwe na jambo lo lote. Atakayeanguka ni yule ajaye nyuma yake. Basi sheria hizo hazikuwekwa kumlinda mwenye pikipiki. Ziliwekwa kumlinda mwenzake, ambaye ni mshindani wake, anayetaka kumpita.

Ndivyo ilivyo hata kwa mavazi. Anayeanza mchezo huvaa kizibao cha rangi ya chungwa, ili wale wanaomkaribia kwa nyuma wajue kwamba bado ni mwanafunzi, wampite kwa uangalifu. Haoni haya kukivaa. Asipokivaa hashindani.

Kando ya njia husimama watu wenye bendera, wengi wao wa kujitolea tu, wasiopokea mshahara. Bendera ya njano ikipungwa, mbele kuna hatari, wala hapana ruhusa ya kumpita mtu. Yenye mistari ya njano na nyekundu yaonya kwamba njia ina utelezi. Nyekundu yasimamisha mashindano yote. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ikionyeshwa pamoja na namba ya mtu, maana yake pikipiki yake ina hitilafu, atoke njiani mara moja. Basi yule aliyekuwa akienda kwa kilometa 150 kwa saa hutii kitambaa kilichoshikwa na mtu asiyemjua. Na daktari na gari la wagonjwa wasipokuwapo, mbio hazianzi.

Sasa enyi wanafunzi, tupige hesabu. Tuseme mtu huyu ameshindana mara nne katika siku mbili, kila mara mizunguko 8, na kila mzunguko umemchukua sekunde 55. Jumla yake haifiki nusu saa. Siku mbili za kazi, na miezi ya kuweka akiba, kwa mbio zisizofikia nusu saa! Saa nyingine zote amekaza parafujo, amesafisha mnyororo, ameifunika mipira kwa blanketi za umeme mpaka ipate joto la digrii kama 80, kwa kuwa mpira baridi hauishiki lami sawasawa. Pengine mwisho wake amekuwa wa kumi na tano, akarudi nyumbani akiwa na furaha, maana juzi alikuwa wa kumi na nane. Jumatatu yuko kazini.

Je, kwa utii huo wote hatari imekwisha? Hasha. John Surtees alishiriki mashindano ya pikipiki akiwa kijana mwanafunzi wa ufundi katika kiwanda cha pikipiki. Akapata ubingwa wa dunia wa pikipiki mara 7, kati ya mwaka 1956 na 1960, na mwaka 1964 akapata ubingwa wa motokari za Formula 1. Hakuna mtu mwingine aliyepata vyote viwili. Mwanawe Henry alifuata njia ya motokari. Mwezi wa Julai 2009, pale pale Brands Hatch, gurudumu lililong'oka katika motokari ya mwingine lilimpiga kichwani, naye akafa, mwenye umri wa miaka 18. Halikuwa kosa lake. Baba yake alianzisha shirika kwa jina la mwanawe, kuwasaidia watu walioumizwa na ajali. Naye akafa mwaka 2017. Hayo yalitokea mahali ambapo wote huenda upande mmoja, na daktari yu tayari.

Basi turudi kwetu. Pale Bukavu, Goma au Lubumbashi, pikipiki ni jembe la kijana. Kwayo hulisha wadogo zake na kulipa ada ya shule. Lakini njia yetu si kiwanja. Magari hutujia uso kwa uso, mtoto hukimbilia mpira wake, mbuzi huvuka, mashimo hujificha chini ya maji ya mvua. Wala hapana mwenye bendera. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Hesabu hiyo ni moja, Kent na Kivu.

Ninyi vijana, hatuwaambii mwache kupenda mbio. Twawaomba mwige na kazi ya yule Mwingereza, msiige mwendo wake tu. Kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, tazameni breki, mnyororo na mipira. Mafuta yakidondoka, tengenezeni leo, msingoje kesho, kwa ajili ya yule ajaye nyuma yenu. Vaeni kofia ngumu, na ya pili mpeni mama mnayemchukua.

Nanyi wazazi, msimwambie dereva, « Kimbia, nimechelewa. » Kijana aliye na njaa ni vigumu kukataa neno la mwenye fedha. Tokeni nyumbani mapema kidogo, naye atawafikisha salama, kisha atarudi kwa mama yake.