Mwaka mpya, tunapiga nini?

Wengi mmeniuliza mwaka huu kikundi chetu kitaelekea wapi. Haya, nawajibu.

Ngoma zetu za Burundi UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Inkiranya inakaa katikati na kuongoza, amashakwe yanashika mwendo, ibishikizo vinaifuata inkiranya. Hapo sibadilishi kitu. Wavulana wataendelea vilevile.

Shida ni mabinti. Wamejifunza wenyewe kwa kupiga madumu kwenye foleni ya maji, na mkono wanao, jamani! Lakini amri ya rais ya Oktoba 2017 kule nyumbani ilikataza mwanamke kupiga ngoma, acheze tu. Baba mmoja anayejiandaa kurudi Nyanza-Lac aliniambia, "Mwalimu, usimfundishe mtoto wangu kitu cha kumletea matatizo." Ana haki ya kuogopa.

Basi nimeamua hivi. Mabinti wabaki na madumu yao, nami nitawatungia nyimbo za kwetu ziwani: kuanika ndagala, kukamua mawese, kumngoja mvuvi alfajiri. Dumu si ngoma, nadhani hata wakubwa watakubali. Mzazi asiyetaka aje aniambie. Siandiki jina la mtoto bila ruhusa ya kwao.

Mazoezi ni Jumamosi, watu wakishateka maji. Kila binti aje na dumu lake, tena tupu. Likiwa na maji halilii.